Taa za Gari na King'ora: Mkondo Mdogo Uamuruo Mkondo Mkubwa

King'ora cha gari hulia mwizi anapofungua mlango. Lakini katika maegesho yaliyojaa magari, usiku, sauti peke yake haimwonyeshi mlinzi ni gari lipi linaloguswa. Kwa hiyo hupendekezwa kwamba indiketa za gari nazo ziwake na kuzimika king'ora kinapolia. Jambo hili laonekana jepesi: kuutwaa waya wa amri wa king'ora na kuufunga kwenye waya wa taa. Afanyaye hivyo aghalabu hukiunguza king'ora, na hesabu ndogo yatosha kueleza sababu.

Tuchukue gari la volti 12 lenye indiketa nne za balbu za wati 21. Jumla ni wati 84. Gawanya kwa 12, utapata ampea 7. Waya wa amri huendeshwa na transista ndogo, ambayo mara nyingi haistahimili hata ampea 1. Tena ampea 7 ni za balbu iliyokwisha kupata moto. Uzi wa balbu ukiwa baridi, ukinzani wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa uzi unaong'aa, kwa hiyo mkondo wa mwanzo huruka juu mno kabla ya kutulia. Mwanafunzi na apime ukinzani wa balbu iliyozimwa, kisha aulinganishe na ule wa hesabu: mraba wa 12 ukigawanywa kwa 21, yaani karibu omu 7.

Hapo ndipo rilei inapohitajika. Ndani yake mna msokoto wa waya mwembamba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma laini. Mkondo ukipita, kiini huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho hufunga swichi. Mkondo ukikatika, springi hukirudisha. Msokoto wenye ukinzani wa omu 80 hutumia ampea 0.15 tu, na mkondo huo haukutani kamwe na ule wa taa. Joseph Henry wa Marekani alitumia kanuni hii katika miaka ya 1830, kabla magari hayajakuwapo.

Rilei nyingi za magari zina namba kwenye ncha zake. Ncha 85 na 86 ni za msokoto: moja hupokea waya wa amri, nyingine hufungwa kwenye bodi ya gari, ikiwa king'ora hutoa amri ya chanya. Kikitoa hasi, ncha hiyo ya pili hupelekwa kwenye chanya ya betri. Ncha 30 huletewa umeme wa betri, na 87 huupeleka kwenye taa. Waya wa betri hauna budi kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Pasipo fyuzi, waya ukichubuka na kugusa bodi, gari laweza kuwaka moto.

Sasa lipo kosa moja lifaalo sana kufundishia. Fundi afunga indiketa za kushoto na za kulia pamoja kwenye ncha 87. King'ora chalia, taa zote nne zawaka, naye aridhika. Kesho yake dereva aonyesha kwamba anakata kulia, na gari lawasha pande zote mbili! Umeme wa kulia umepita kwenye kiungo kile na kuingia kushoto. Anayefuata nyuma hawezi kujua gari linaelekea wapi. Dawa yake ni rilei mbili, kila upande na yake, misokoto ikiungwa sambamba. Mkondo wa amri sasa ni ampea 0.3, lazima kuhakikisha kwamba king'ora chaweza kuutoa.

Msokoto unapokatiwa mkondo ghafla, usumaku unaotoweka huzalisha volti nyingi za kinyume, nazo zaweza kuiua transista. Dayodi iungwe sambamba na kila msokoto, kathodi ikielekea upande wa chanya. Ikigeuzwa, itapitisha mkondo moja kwa moja na kuungua.

Majaribio haya yafanywe mezani, kwa betri, balbu na fyuzi. Magari mengi ya sasa huendesha taa zake kwa kompyuta, na hayo yasikatwe waya wowote bila mchoro wa mtengenezaji.