DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: Damu Isiyokoma na Uamuzi wa Upasuaji



Ndugu zangu wa Buigiri na wote mlioko kwenye channel hii, Allah atukubalie funga zetu. Mada ya leo ni ya kina mama, lakini kina baba msiipite. Mkeo, dada yako au binti yako anaweza kuwa ndani ya jambo hili na hujui, kwa sababu wengi wanaona aibu kulisema.

Kila Ramadhani swali hili linarudi: "Ustadhi, damu yangu inatoka nyingi, inakaa siku nyingi. Nifunge au nisifunge?" Tunamjibu kuhusu funga, anaondoka. Mwakani anarudi na swali lile lile, rangi ya uso imepauka zaidi. Amejibiwa nusu ya swali. Leo tuchukue na nusu ya pili.

*1. Vipimo viwili tofauti*

Shika neno hili vizuri: *fiqhi inauliza siku ngapi, daktari anauliza kiasi gani.*

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, inahukumiwa kuwa ndani yake imo istihadha, yaani damu ya ugonjwa. Mwanamke anarejea kwenye siku zake anazozijua, anaoga josho, kisha anaswali na kufunga. Kwa kila swala ya faradhi anajisafisha, anajifunga vizuri na kutawadha baada ya wakati kuingia. Asiyejua siku zake, au zimevurugika, amuulize mwalimu uso kwa uso, maana hali zinatofautiana.

Sasa angalia. Mwanamke anaweza kutokwa na damu siku 9 tu. Kisheria hiyo ni hedhi, haswali wala hafungi, na funga atazilipa baadaye. Lakini kama katika siku hizo 9 analowanisha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, anatoa mabonge, anaamka usiku kubadilisha, akipanda kilima kidogo anahema, basi kwa daktari huyo ni mgonjwa. Usiseme, "Ustadhi kasema ni hedhi, kwa hiyo ni kawaida." Ustadhi amekupa hukumu ya ibada. Hajapima damu yako.

*2. Waliotutangulia waliuliza*

Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba damu yake haikatiki, je, aache swala? Akafundishwa kwamba ile haikuwa hedhi, ilikuwa damu ya mshipa, na akaelekezwa namna ya kuswali. Riwaya hii imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa mama yetu Aisha. Ummu Habiba bint Jahsh alikaa na istihadha miaka saba. Na Hamna bint Jahsh, alipoambiwa atumie pamba, alieleza waziwazi kwamba damu yake ni nyingi kuliko pamba.

Hebu tafakari. Hawa ni masahaba, wamesema mambo ya miili yao mbele ya Mtume (s.a.w.), na hakuna aliyewakemea. Haya ni sehemu ya imani, kweli, lakini haya haimzuii mtu kuuliza linalohusu dini yake na uhai wake. Wao hawakuwa na hospitali ya kuwapima. Wewe unayo. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama inafaa kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee.

*3. Kabla ya kisu, jua chanzo*

Mtu asikimbilie upasuaji, na asiukimbie pia. Kwanza ijulikane damu inatoka kwa nini. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi (faibroidi), vinyama vidogo ndani ya kizazi, mvurugiko wa homoni, tatizo la tezi ya shingo, kitanzi cha shaba, damu isiyoganda vizuri, mimba iliyoharibika, au saratani. Kila kimoja kina njia yake.

Anzia zahanati au kituo cha afya, upimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya 12 ni upungufu wa damu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Ikibidi utapewa rufaa. Hapa Chamwino tunayo Hospitali ya Uhuru, na Dodoma mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa pamoja na Benjamin Mkapa. Omba kipimo cha ultrasaundi, na uulizie uchunguzi wa shingo ya kizazi. Ukiwa umevuka miaka 45, daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani ya kizazi kikapimwe. Usikikatae kwa hofu.

Kama kuna daktari mwanamke, mtake huyo. Kama hayupo, daktari mwanamume anaruhusiwa kwa dharura, kwa kiasi kinachohitajika, na uende na mwenzako.

*4. Ngazi za tiba*

Dini yetu inapenda wepesi, na tiba nayo ina ngazi. Panda kwa utaratibu.

_Ngazi ya kwanza ni dawa._ Kuna vidonge vya kupunguza damu vinavyonywewa siku za hedhi tu, kuna vya homoni, na kuna kitanzi chenye homoni ambacho kwa wengi kinapunguza damu sana. Pamoja na hivyo kuna vidonge vya madini chuma vya kurudisha damu iliyopotea.

_Ngazi ya pili ni upasuaji unaobakiza kizazi._ Uvimbe au vinyama vinaondolewa, kizazi kinabaki, na mara nyingi bado unaweza kuzaa. Ila jua kwamba uvimbe unaweza kuota tena. Ile "kusafisha kizazi" husaidia kutafuta chanzo au kuondoa mabaki, lakini kama dawa ya kudumu, mara nyingi damu hurudi. Ipo pia njia ya kuunguza utando wa ndani ya kizazi. Haipatikani kila hospitali, na ni kwa aliyemaliza kuzaa, kwa sababu mimba baada yake ni ya hatari.

_Ngazi ya mwisho ni kuondoa kizazi._ Hii inamaliza hedhi moja kwa moja na inamaliza uzazi. Hairudishwi. Ni upasuaji mkubwa, na kupona kunachukua wiki 6 hivi, wakati mwingine zaidi.

*5. Je, kuondoa kizazi ni haramu?*

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1988, likaamua kwamba haifai kuondoa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke, isipokuwa ikiitwa na dharura kwa vigezo vya sheria. Kwa hiyo kuondoa kizazi kwa kuchoka tu na hedhi, hapana. Lakini mama ambaye dawa zimeshindwa, damu inamshusha kila mwezi, anaongezewa damu mara kwa mara, au amekutwa na saratani, huyo ni mtu anayeokoa nafsi yake. Hashindani na kadari ya Allah. Ugonjwa ni kadari, na tiba pia ni kadari.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 43, watoto wanne, uvimbe mkubwa, hemoglobini 7, dawa ametumia miezi kadhaa bila nafuu. Shangazi anamwambia, "Vumilia, hedhi ikikoma uvimbe utanywea." Si uongo, uvimbe hupungua baada ya ukomo wa hedhi. Lakini ukomo huo kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Anaweza kuwa na miaka miwili ya kusubiri, anaweza kuwa na kumi. Atasubiri kwa damu ipi? Mweke pembeni yake dada wa miaka 29 asiye na mtoto, mwenye uvimbe ule ule. Kwake swali la kwanza kwa daktari ni: kuna njia ya kubakiza kizazi? Ugonjwa mmoja, maamuzi mawili, na yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Usibebe uamuzi wa jirani yako.

*6. Maneno ya mtaani*

"Ukitolewa kizazi si mwanamke tena." Si kweli. Uanamke wako haukuwekwa kwenye kiungo kimoja. Mama yetu Aisha hakuzaa, na nani atasema hakukamilika?

"Utazeeka ghafla." Muulize daktari kama mifuko ya mayai itabaki. Ikibaki, homoni zinaendelea, ingawa ukomo unaweza kuja mapema kidogo. Ikitolewa na yenyewe, ukomo unaingia mara moja, kwa hiyo lazima ujue kabla ya kusaini.

"Tendo la ndoa limekwisha." Hapana. Baada ya kupona na kuruhusiwa na daktari, wanandoa wanaendelea. Wengi wanaona nafuu kwa sababu maumivu na damu vimeondoka.

*7. Kwako mume*

Mwili ni wake, na saini ya upasuaji ni yake. Lakini ndoa ni mashauriano, usimwachie mzigo peke yake. Nenda naye kwa daktari, usikie kwa masikio yako. Tafuta nauli, ulizia bima, tafuta ndugu wa kuchangia damu. Na tafadhali sana, mke aliyekuzalia na kukulea usimtishie kuongeza mke kwa sababu amelala kitandani. Ndoa ya pili ina sheria zake, haikuwekwa iwe fimbo ya mgonjwa. Na wiki zile 6 asibebe ndoo ya maji wala kuni. Beba wewe.

*8. Maswali ya kwenda nayo*

Yaandike kwenye karatasi au simu:
▪️ Chanzo cha damu yangu ni nini, kimethibitishwa kwa kipimo gani?
▪️ Kuna njia nyepesi zaidi ambayo sijaijaribu?
▪️ Nikisubiri miezi 6, hatari ni ipi?
▪️ Mtatoa nini hasa, na mtabakiza nini?
▪️ Damu yangu inatosha kwa upasuaji, au nianze kuiongeza?
▪️ Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa nini?

Ukishapata majibu, shauriana na wenye hekima, kisha swali istikhara rakaa mbili. Kama uko kwenye hedhi, omba dua bila swala. Istikhara si kungoja ndoto. Unamkabidhi Allah jambo ulilolichunguza, unasonga mbele, Yeye anafungua au anafunga.

*9. Mwezi huu ufanye nini?*

Kama una upungufu wa damu na daktari amekuambia funga itakudhuru, kula. Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kujiumiza si uchamungu. Upasuaji usio wa haraka unaweza kupangwa baada ya Idi, ila daktari akisema hausubiri, usiusubirishe.

Futari yako iwe na maharage, choroko, dagaa, ini likipatikana, na mboga za majani pamoja na ugali wako. Kunywa juisi ya ubuyu au ukwaju, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isogeze mbele, saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inazuia madini hayo.

Na baada ya kizazi kuondolewa, damu kidogo inayotoka siku za mwanzo si hedhi. Jisafishe, tawadha, uswali, hata kwa kukaa au kulala kama huwezi kusimama. Akitokea kuachwa, eda yake ni miezi mitatu, na ya kufiwa ni ileile, miezi minne na siku kumi.

*Usisubiri kesho:* ukilowanisha pedi kila saa kwa masaa mfululizo, ukipata kizunguzungu au kuzimia, ukitokwa na damu huku unahisi una mimba, au damu ikirudi baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, nenda hospitali leo hii, hata kama ni kabla ya futari. Funga italipwa.

*Amali ya leo:* mama, hesabu siku zako na pedi zako mwezi huu, uandike. Baba, muulize mkeo swali moja kwa upole: "Damu yako ikoje?" Halafu nyamaza, msikilize.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape madaktari wetu mikono yenye baraka, waondolee mama zetu aibu isiyo na faida, na utuongoze kwenye lililo la kheri. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Mtumie na mwenzako, huenda kuna mtu analihitaji somo hili na hajui aanzie wapi.