Picha Iliyo Wazi Si Picha Isiyo na Mwenyewe

Ndugu Wanachama,

Somo letu la mara hii si la shamba. Halihusu miche, wala palizi, wala namna ya kuanika. Linahusu picha, nyimbo, herufi na ramani tunazozitia katika tovuti ya Jumuiya na katika filamu fupi tunazozituma kwa simu za mkononi. Huenda mzee mmoja akasema, "Haya ni mambo ya vijana." Namwomba asome mpaka mwisho, kwani fedha iliyotutoka ilikuwa ya mfuko wa wote, wazee kwa vijana.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulipokuwa tukitengeneza tovuti, kijana anayetusaidia kazi hiyo aliniuliza, "Katibu, picha ya juu kabisa tutie ipi?" Nikatafuta katika intaneti, nikaona picha nzuri ya tawi la mkarafuu lililojaa, karafuu zimeanza kupata wekundu. Nikamwambia, "Tia hii." Akauliza kama tuna ruhusa. Nikamjibu kwamba picha imewekwa wazi, kila mtu anaiona, basi ni ya wote.

Baada ya miezi michache ikaja barua ya mpiga picha wa nchi za nje. Alikuwa na picha ya asili, tarehe aliyoipiga, na nakala ya ukurasa wetu unaoonyesha picha yake juu ya tangazo la karafuu zetu. Alidai malipo. Tuliiondoa picha, tukaomba radhi, tukapatana naye, na kamati ikalipa. Kosa lilikuwa langu mimi, si la kijana, yeye aliuliza. Nimelikiri mbele ya kamati, na hapa nalikiri mbele yenu.

JAMVI LA KANDO YA NJIA

Hebu tulitazame lile jibu nililompa kijana. Wakati wa msimu wengi wetu huanika karafuu kando ya barabara. Jamvi liko wazi. Mpita njia huona, na harufu huipata bure. Lakini hapana hata mmoja anayesema kwamba kwa kuwa zimeanikwa wazi, karafuu zile hazina mwenyewe. Anayechota pishi moja usiku tunamjua jina lake.

Picha iliyo katika intaneti ni karafuu juu ya jamvi. Imeanikwa ionekane, haikutupwa. Jambo hili nilipaswa kulijua pasipo kufundishwa na barua.

Sheria nayo ndivyo isemavyo. Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalipatana katika mji wa Bern, Uswisi, juu ya haki za watungaji, na Tanzania iliingia katika mapatano hayo mwaka 1994. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Kwa mapatano ya Bern, haki ya mtungaji huanza pale pale kazi inapotungwa. Mwenye picha halazimiki kwanza kuiandikisha ofisini, wala kuiwekea alama, wala kuandika onyo chini yake. Picha isiyokuwa na jina si yatima. Ni kwamba sisi hatujamjua baba yake.

KUKODI SI KUNUNUA

Basi mtu mwenye haja ya picha ya mwenziwe afanyeje? Ataomba ruhusa, na ruhusa hiyo kwa lugha ya biashara huitwa leseni. Sisi wakulima tunayo mizani nzuri ya kulipimia jambo hili, nayo ni kukodi mikarafuu. Anayekodi mikarafuu ya mtu kwa msimu hupata haki ya kuchuma. Hakununua shamba. Hana ruhusa ya kukata matawi, wala ya kurudi msimu ujao bila mapatano mapya, wala ya kuwakodisha wengine ikiwa hilo halimo katika hati.

Leseni ya picha ni vivyo hivyo. Yafaa kuuliza mambo manne: naruhusiwa kuitumia wapi, kwa muda gani, kwa kazi gani, na je, naweza kuigeuza? Picha uliyoruhusiwa kuitia katika tovuti haikuruhusiwa kwa hivyo kuchapwa juu ya pakiti. Wengi huteleza hapo: hulipa mara moja kwa kazi moja, kisha huitumia kwa kazi kumi.

CHA BURE KINA SHARTI

Wako watungaji wanaopenda kazi zao zitumiwe bila malipo. Kwa ajili yao liliundwa mwaka 2001 shirika liitwalo Creative Commons, na leseni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002. Mtungaji huchagua leseni, akaitaja karibu na kazi yake, na kila anayeifuata hana haja ya kumwandikia barua. Leseni hizi hutambulikana kwa herufi, nazo yafaa kila mwenye kutengeneza kurasa zetu azihifadhi kwa moyo.

BY: taja jina la mtungaji. Sharti hili limo katika leseni zote sita za shirika hilo.

SA: ukiigeuza kazi, nawe utoe uliyoifanya kwa leseni ile ile.

NC: usiitumie kwa biashara. Tovuti yetu inatafuta wanunuzi wa karafuu, kwa hivyo tusijidanganye. Picha yenye herufi hizi tuiache.

ND: usitoe kazi hiyo ikiwa umeigeuza. Waweza kuigawa kama ilivyo. Usibadilishe rangi wala kuichanganya na picha nyingine.

Iko na alama ya saba, CC0, ambayo kwayo mtungaji huachia haki zake zote kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na "bure" tunayoifikiria.

Kutaja jina si kuandika "picha kutoka intaneti". Hiyo ni sawa na kumwambia mnunuzi kwamba karafuu zimetoka duniani. Andika jina la kazi ikiwa linalo, jina la mtungaji, mahali ilipopatikana, na leseni yake. Na ukiwa umeigeuza, sema. Waliosoma chuoni hawataona ajabu. Mwalimu akimpa mwanafunzi ijaza ya kitabu, humtajia amekipokea kwa nani, na huyo naye kwa nani. Mwanafunzi atakayeficha mlolongo ule hupoteza heshima yake, ijapokuwa kitabu anakijua.

Wala mtu asidhani kwamba sharti la kitu cha bure ni maneno matupu. Huko California, mwanafizikia Robert Jacobsen na wenzake waliandika programu ya kuendeshea treni ndogo za mchezo, wakaigawa bure kwa sharti la kutaja waandishi na kueleza mabadiliko. Mfanya biashara mmoja akatumia sehemu ya kazi ile bila kutimiza masharti. Shauri likafika mahakama ya rufaa ya Marekani, na mwezi wa Agosti 2008 ikaamuliwa kwamba masharti hayo yanalindwa na sheria ya hakimiliki, ingawa mwenyewe hakutoza hata senti moja.

NYIMBO, HERUFI NA RAMANI

Tumezoea kutia wimbo wa taarabu chini ya filamu ya uchumaji. Wimbo una mikono mingi: yuko aliyetunga maneno, aliyetia sauti, aliyeimba, wapigaji, na aliyetengeneza sahani au kanda. Kununua nakala ya wimbo ni kununua kuusikiliza. Kuuunganisha na filamu ya biashara ni jambo jingine, na ruhusa yake huombwa mbali.

Tena tuangalie hapa, kwani hata wajuzi hukosea. Katika leseni za Creative Commons za toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, kuufungamanisha wimbo na picha zinazokwenda huhesabiwa kuwa ni kuugeuza wimbo. Kwa hivyo wimbo wenye herufi ND hautufai kabisa kwa filamu, hata tusipokata herufi moja ya maneno yake. Na wenye herufi SA utatulazimisha kuitoa filamu nzima kwa leseni hiyo hiyo. Toleo hilo hilo lina huruma moja: aliyekosea sharti akirekebisha ndani ya siku 30 tangu kulijua kosa lake, ruhusa yake hurudi.

Herufi nazo, yaani maumbo ya maandishi yanayopamba ukurasa, zina wachoraji wake. Nyingi hutolewa kwa leseni iitwayo SIL Open Font License, ambayo hukuruhusu kuzitumia hata kwa biashara na kuzitia katika tovuti, lakini hairuhusu kuziuza peke yake. Ama ramani ya kuonyesha vituo vyetu, tunatumia OpenStreetMap, kazi iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Malipo yake ni kuwataja tu wachangiaji wake pembeni mwa ramani. Kijana alitaka kuliondoa neno lile ili ramani ipendeze, nikamwambia alirudishe.

MALI BILA DAFTARI

Mpaka hapa nimesema haki ya wengine juu yetu. Sasa nitaje haki yetu juu ya wengine, maana sheria ile ile iliyotutoza ndiyo inayotulinda.

Mama mmoja mwanachama wetu alipigwa picha akichambua karafuu, tukaitia katika tovuti. Siku moja mjukuu wake alikwenda mjini, akarudi na kipakiti cha viungo wanavyouziwa wageni. Juu yake imo picha ya bibi yake, mikono ndani ya ungo. Mama yule alikuja ofisini na kipakiti chake, akakiweka juu ya meza, akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nimeuzwa?"

Nilitaka kumwandikia mwenye duka barua siku ile ile. Nikakaa kuiandika, kalamu ikasimama. Nani aliipiga picha ile? Hatukuandika, wengine walisema huyu, wengine yule. Tulipatana nini na mpigaji? Hapana hati. Je, mama mwenyewe alitupa ruhusa ya kuitangaza? Tulimwuliza kwa mdomo kama tumpige, naye akacheka. Zaidi ya hapo hatukusema kitu. Basi nikaona kwamba kabla ya kumlaumu mwenye duka, sisi wenyewe tulimchukua mama huyu kwa njia ile ile: tulimwona, tukamtwaa. Nilimwomba radhi kwanza yeye. Barua ya dukani tuliipeleka kwa adabu, bila ya ushahidi, na haikuleta jibu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo kamati imefungua daftari la picha na nyimbo. Kila kitu kinachoingia katika tovuti kitaandikwa humo: ni nini, kimetoka wapi, ni cha nani, ruhusa yake ni ipi, tarehe, na mahali ilipowekwa hati. Mpigaji picha atatia sahihi kueleza Jumuiya inaruhusiwa nini. Anayepigwa naye ataelezwa picha itakwenda wapi, kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kukataa. Kwa mtoto, wazee wake wataulizwa.

Neno dogo la ufundi linahusiana na hili. Picha ya simu yaweza kuwa na uzito wa megabaiti nne au tano, na mwanachama aliye shamba huifungua kwa bando lake mwenyewe. Lazima tuipunguze; kwa ukurasa wa simu, kilobaiti 200 aghlabu zatosha. Lakini programu nyingi za kupunguzia picha, na za kutumiana ujumbe pia, hufuta khabari zilizofichwa ndani yake, kama tarehe na jina la mpigaji. Kwa hivyo nakala ya asili ihifadhiwe kama ilivyotoka kwenye simu, na jina liingie daftarini kabla picha haijapunguzwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wanachama wa vikundi vya kusoma wajibizane maswali haya pamoja:

1. Umeona picha ya mkarafuu isiyo na jina la mtu wala onyo lolote. Je, waweza kuitia katika tangazo letu? Kwa sababu gani?

2. Umepata wimbo wenye leseni ya BY-ND. Unafaa kwa filamu ya uchumaji? Unafaa kugawiwa wanachama kama ulivyo?

3. Jirani amekupiga picha ukichuma, naye ameipa Jumuiya. Ni watu gani wawili wanaopasa kuulizwa kabla ya kuitangaza, na kila mmoja anaulizwa nini?

Mwenye shaka juu ya picha aliyokwisha ituma kwetu na aje ofisini tuiangalie pamoja. Hatalaumiwa, kwani wa kulaumiwa amekwisha jitaja hapo juu. Yule mama amekubali kupigwa picha tena, safari hii kwa hati. Ametoa sharti moja tu, nalo limeandikwa katika mstari wa kwanza wa daftari: chini ya picha liandikwe jina lake.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Jumuiya