SOMO LA 9: MZIGO UNA SAFARI YAKE

Ndalambo ni mbali na bahari. Meli haiwezi kufika hapa. Lakini dukani kuna mabati, baiskeli na mbolea. Vingi kati ya vitu hivyo vilishushwa melini katika bandari ya Dar es Salaam. Je, nani alilipa nauli ya kuvileta?

Nauli ya mzigo imo ndani ya bei. Mkulima akinunua mfuko wa mbolea, analipa mbolea na analipa safari ya mbolea. Akiuza gunia la mahindi, mnunuzi hupunguza bei ili apate fedha za kulisafirisha. Hivyo mkulima hulipa nauli mara mbili, hata kama yeye mwenyewe hajasafiri. Ndiyo maana inatupasa kujua habari za njia za mizigo.

Meli, lori na treni

Meli hubeba shehena kubwa kuliko vyombo vyote. Meli kubwa za siku hizi hubeba makontena zaidi ya 20,000. Nauli yake kwa tani moja ni ndogo. Lakini meli huenda polepole, na safari yake huishia bandarini.

Lori hufika mpaka mlangoni. Lakini hubeba mzigo mdogo. Kila lori lina dereva wake na mafuta yake.

Treni iko katikati. Haibebi kama meli, lakini hupita nchi kavu. Hubeba kuliko lori, tena kwa mafuta machache kwa kila tani. Kwa nini? Pakia gunia kwenye baiskeli, uisukume mchangani. Kisha isukume juu ya sakafu ya saruji. Utaona tofauti. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi zaidi ya hapo.

Tufanye hesabu. Tuseme treni ina mabehewa 20, na kila behewa limebeba tani 40.

20 × 40 = 800. Treni imebeba tani 800.

Tuseme lori moja hubeba tani 30. Malori 26 yatabeba tani 780. Zitabaki tani 20. Kwa hiyo yatahitajika malori 27. Aliyewahi kuona foleni ya malori pale Tunduma anajua maana ya hesabu hii.

Jirani asiye na bahari

Ng'ambo ya mpaka wetu iko Zambia. Nchi hiyo haina bahari. Ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mali yake kubwa ni shaba. Wakati huo shaba nyingi ilipita kwa reli ya kusini, katika nchi ya Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, huku wakiwanyima Waafrika haki ya kutawala. Zambia iliwapinga. Lakini ni vigumu kugombana na mtu aliyeshika ufunguo wa mlango wako. Januari 1973 Rhodesia ilifunga mpaka.

Kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia walikuwa wametafuta mlango mwingine. Nchi za Magharibi hazikukubali kujenga reli. China ilikubali, ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970. Mwaka 1975 reli ilikamilika, na Julai 1976 ilikabidhiwa kwa nchi zetu mbili. Hiyo ndiyo TAZARA. Watu waliiita Reli ya Uhuru.

Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Kilomita 975 ziko Tanzania. Sehemu ngumu ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, kwenye milima na mabonde. Huko walitoboa mahandaki na kujenga madaraja mengi. Wachina na Waafrika walifanya kazi pamoja, na wengine walifia kazini. Kutoka Makambako reli hupita Mbeya, hufika Tunduma, kisha huvuka mpaka kwenda Nakonde.

Kuzunguka au kukata njia

Tazama ramani ya Afrika. Meli inayotoka Dar es Salaam kwenda Angola ikipitia kusini, huzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Treni inaweza kukata bara katikati. Reli za TAZARA, Zambia, Kongo na Angola zina upana mmoja, milimita 1,067. Mwaka 2019 treni ya watalii ilitoka Dar es Salaam ikafika Lobito, kwenye bahari ya upande wa pili.

Hata China na Ulaya hutumiana mizigo kwa treni. Treni huchukua kama wiki mbili au tatu. Meli huchukua mwezi au zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu. Meli nyingi zikalazimika kuizunguka Afrika. Treni haikuweza kubeba mizigo yote ya meli hizo. Lakini mwenye njia mbili hakwami kama mwenye njia moja.

Reli ni kama shamba

Shamba lisilopaliliwa huota magugu. TAZARA ilijengwa ili ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Lakini vichwa vya treni vilichakaa na njia ikaharibika. Wenye mizigo wakahamia barabarani. Katika mwaka 2014/15 reli ilibeba chini ya tani 100,000. Tarehe 29 Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ili iikarabati na kuiendesha kwa miaka 30.

Sisi tufanye nini? Behewa halijazwi na magunia kumi ya mtu mmoja. Wakulima wakikusanya mazao katika ghala la ushirika, wanaweza kuuliza nauli ya behewa na nauli ya lori. Lakini wasilinganishe nauli peke yake. Waongeze gharama ya kufikisha mzigo stesheni, malipo ya wapakiaji na siku za kusubiri. Hapo watajua njia iliyo nafuu kweli.

Tena tuilinde reli. Anayeng'oa chuma cha reli akauze kama chakavu anaongeza bei ya mbolea yake mwenyewe.

Maneno mapya

Shehena: mizigo inayobebwa na chombo.
Behewa: gari linalovutwa na kichwa cha treni.
Riba: fedha za ziada anazolipa mkopaji.

Maswali

1. Kwa nini mkulima hulipa nauli mara mbili?
2. Kwa nini Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini?
3. Treni ina mabehewa 15. Kila behewa limebeba tani 40. Malori mangapi ya tani 30 yangehitajika?
4. Jadilianeni: Mazao ya kijiji chetu yapelekwe kwa lori au kwa treni? Toeni sababu.