Urejeshaji wa Joto Linalopotea Viwandani

Utangulizi

Viwanda vingi hutegemea joto ili kuyeyusha, kupika na kukausha bidhaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya joto hilo hutorokea kwenye dohani ilhali gharama yake imekwisha kulipwa. Makala haya yanafafanua namna ya kulirejesha kazini. Hoja kuu ni kwamba kiasi cha joto pekee hakitoshi kuamua matumizi yake. Ukali wake ndio unaoamua.

Joto Kali: Mfano wa Saruji

Katika utengenezaji wa saruji, mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwenye tanuri hadi kufikia nyuzi 1450 za Selsiasi hivi, yakawa klinka. Gesi zinazotoka baada ya kupasha malighafi huwa zingali na nyuzi 300 hadi 400. Zikipitishwa kwenye boila, hugeuza maji kuwa mvuke, nao mvuke ukazungusha jenereta. Kwa njia hii, kila tani ya klinka huweza kutoa kilowati-saa 30 hivi za umeme pasipo kuongeza makaa tanurini.

Joto Hafifu: Mfano wa Chai

Si kila joto linalofaa kuzalisha umeme. Mnamo mwaka 1824, Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kuwa joto lina mpaka wa kugeuzwa kuwa kazi. Mazingira yakiwa na nyuzi 30, joto la nyuzi 350 haliwezi kutoa kazi inayozidi asilimia 51, nalo la nyuzi 90 haliwezi kuzidi asilimia 17. Mitambo halisi hupata pungufu ya hapo. Kwa hivyo, joto hafifu ni heri litumike likiwa joto.

Viwanda vya chai nchini Kenya huchoma kuni, hasa za mikaratusi, ili kupata mvuke wa kunyaushia na kukaushia majani. Mabomba ya maji yanayoelekea kwenye boila yakipitishwa katika njia ya moshi, maji huingia yakiwa yamepashwa tayari. Kila nyuzi 6 zinazoongezeka hupunguza kuni kwa takriban asilimia 1. Maji yakipanda kutoka nyuzi 60 hadi 90, kiwanda kilichochoma magogo 100 kitachoma 95.

Tahadhari

Moshi usipozwe kupita kiasi, kwani unyevu uliomo hugeuka maji na kuozesha chuma. Aidha, mabomba ya mvuke yanayovuja yazibwe na yaliyo wazi yafunikwe kabla ya kununua mtambo wowote: joto lililozuiwa lisipotee ni rahisi kuliko linalofuatwa dohani.

Hitimisho

Joto kali lizalishe umeme, hafifu lipashe na kukausha. Magogo 5 katika 100 huenda yakaonekana machache, lakini haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho ni miti iliyosalia imesimama.