SOMO LA KAZI: VISU VIWILI KWENYE SHAFTI MOJA



Somo letu la leo ni la wale wanaokata majani kwa mashine za kukalia, katika viwanja vya michezo, viwanja vya ndege na bustani kubwa. Baadhi ya wakubwa wa kazi hutaka visu vifungwe viwili viwili ili majani yasagike na wakusanyaji wapunguzwe. Tuchunguze jambo hili kabla ya kushika spana.

Mashine yenye kasha la visu la sentimita 152 kwa kawaida ina shafti tatu, na kila shafti hubeba kisu kimoja cha sentimita 53 hivi. Kufunga visu viwili ni kuweka cha pili juu ya cha kwanza, vikapishana kama msalaba. Cha chini hukata jani, cha juu hulikata tena kabla halijaanguka. Visu vitatu vimekuwa sita.

Faida ipo. Majani makavu yanayokatwa mara kwa mara husagika vizuri na kurudi ardhini kama mbolea. Lakini nyasi ndefu au zenye maji, kama zile za masika, hujaza kasha. Injini hulemewa, mafuta huliwa zaidi, na mkanda huteleza mpaka ukaungua. Siku hizo kisu kimoja chenye mabawa marefu ya kuvuta hewa hufanya kazi bora.

Kabla ya kuamua, tupime mambo manne:

1. Kitabu cha mashine. Mtengenezaji asiporuhusu visu viwili, jibu ni hapana.

2. Bolti. Kisu cha pili kina unene wake, kwa hiyo bolti huingia kwa kina kidogo kuliko awali. Meno yasiposhika vya kutosha, italegea. Ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni.

3. Visu vyenyewe. Viwe vimetengenezwa kufungwa pamoja, viwe vikali, na kila kimoja kiwe na uzani sawa pande zote mbili. Kisu chenye ufa au kilichopinda kitupwe, kisinyooshwe wala kuchomelewa.

4. Nguvu ya injini. Mashine inayohangaika na visu vitatu haitaweza sita.

Kwa nini tunasisitiza? Kisu cha sentimita 53 kikizunguka mara 3,400 kwa dakika, ncha yake huenda mita 94 hivi kwa sekunde, yaani kama kilomita 340 kwa saa. Jiwe likirushwa kwa mwendo huo, au kisu kikichomoka, anayeumia ni mwendeshaji au mpita njia. Mwenye kutoa amri yumo ofisini. Basi kabla ya kugusa kisu tuzime injini, tutoe ufunguo, tuchomoe waya wa plagi, tungoje visu visimame kabisa, na tuvae glavu nzito.

Sheria nayo tuijue. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tena, aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya kweli, asiadhibiwe. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa kuwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Kwa hiyo visu, bolti na glavu ni mzigo wa mwajiri, si wa mshahara wetu.

Msimamo wetu ni huu: visu viwili vifungwe pale nyasi, mashine na kitabu vinapokubali, na baada ya fundi na mwendeshaji kusikilizwa. Amri ya mdomo haitoshi.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kitabu cha kila mashine yetu kiko wapi, na nani anaweza kukisoma na kuwaeleza wenzake?

(b) Nani hukagua bolti za visu kila asubuhi?

(c) Fundi akikataa kufunga visu visivyofaa, tawi litamtetea vipi?

Umoja ni nguvu.