Mpangilio wa Kazi na Ari ya Wahudumu wa Ndege

Mhudumu wa ndege anapofika kliniki akilalamika kukosa usingizi na kuchoka kupita kiasi, huulizwa kuhusu chakula, dawa na maradhi ya awali. Swali moja husahaulika kwa urahisi: kazi yake imepangwaje?

Ari ya kazi si tabasamu mbele ya abiria. Mwaka 2002, Wilmar Schaufeli na wenzake waliieleza kuwa na sura tatu: nguvu, kujitoa na kuzama katika kazi. Mtu aweza kutabasamu safari nzima ilhali hana hata moja. Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege nchini Marekani, alionyesha mwaka 1983 kwamba kudhihirisha hisia usizokuwa nazo ni kazi yenyewe, nayo ina gharama yake.

Mwaka 1976, Hackman na Oldham walibainisha sifa tano za kazi inayojenga ari: stadi mbalimbali, ukamilifu wa jukumu, umuhimu kwa wengine, uhuru wa kuamua, na mrejesho. Umuhimu wa kazi ya mhudumu hauna shaka, kwani ndiye anayewatoa abiria ndegeni wakati wa dharura na kutoa huduma ya kwanza angani. Pungufu lipo katika uhuru. Ratiba hupangwa na wengine, na safari za usiku huvuruga saa ya mwili.

Taratibu za usalama hazipaswi kulegezwa. Hata hivyo, mwajiri aweza kutoa ratiba mapema, kuruhusu kubadilishana zamu kwa kuzingatia muda wa mapumziko, na kutenga muda wa mazungumzo baada ya tukio zito.

Shirika la Afya Duniani, katika ainisho lake la ICD-11, halihesabu uchovu wa kazini kuwa ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa vyema. Kwa hiyo, dawa ya usingizi pekee haiondoi chanzo.

Mtoa huduma, pamoja na kuchunguza maradhi mengine, uliza kuhusu zamu, mapumziko na msaada wa msimamizi. Nawe mgonjwa, andika saa za kazi na za kulala kwa majuma mawili, uje na daftari hilo kliniki. Muuguzi wa zamu ya usiku naye ajiulize maswali hayohayo. Huenda majibu yake yakafanana na ya mgonjwa aliye mbele yake.