Kufungua viini vilivyofichwa vya Phenom II

Prosesa nyingi za AMD Phenom II X2 na X3, zilizoingia sokoni mwaka 2009, zina viini vinne ndani. Kimoja au viwili vilizimwa kiwandani, vingine kwa ubovu, vingine kwa sababu za soko tu.

1. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza; kiini kibovu kinaweza kuharibu data kimyakimya.
2. Tafuta kwenye BIOS chaguo la Advanced Clock Calibration, Core Unlocker (ASUS) au Unlock CPU Core (MSI). Halipo? Acha.
3. Usipandishe kasi ya prosesa siku hiyohiyo. Hili ndilo kosa kubwa: kompyuta ikigoma, hutajua kilichosababisha.
4. Washa kiini kimoja kimoja, BIOS ikiruhusu. Kati ya viini viwili vilivyozimwa vya X2, kimoja kinaweza kuwa kizima na kingine kibovu. Ridhika na vitatu.
5. Windows kuwaka si ushahidi. Endesha Prime95, programu ya kupima uthabiti wa prosesa, kwa saa kadhaa. Kosa moja tu, kizime kiini ulichowasha.
6. Usiamini kipimo cha joto cha viini baada ya kuvifungua, kwani mara nyingi husoma namba zisizo na maana. Tazama cha ubao mama, na safisha feni.
7. Skrini ikibaki nyeusi, chomoa umeme, kisha futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa jampa au toa betri ndogo kwa dakika chache.
8. Ukinunua prosesa iliyotumika, lipia viini vilivyotajwa kwenye jina lake tu.